Kichwa cha Tatu, Upande wa Kaskazini

Jumatatu, 3 Machi

Kikao katika chumba cha kasisi, saa nne asubuhi. Nimehudhuria kama mzee wa kanisa. Bi Brackenbury amehudhuria kama mzee wa kanisa mwenzangu, na kama kawaida yake amekalia kiti kilicho karibu na hita.

Habari ni hii. Paa la kanisa letu la Thurlesby limekwisha kuezekwa upya kwa mabamba ya risasi. Sasa ni zamu ya vichwa. Viko kumi, vya mawe, vitano kila upande, na kila kimoja kimebeba boriti yake kwa miaka mia tano na hamsini. Mfalme, askofu, mtu anayetoa ulimi, mama mwenye kilemba, na wenzao. Cha tatu upande wa kaskazini hakina uso. Maji yalivuja pale tangu enzi za babu zetu, nao wakaziba kwa saruji, na saruji ikalila jiwe. Kimebaki kama kiazi kilichochemshwa kupita kiasi. Msanifu wa majengo amesema jiwe lote litolewe, liwekwe jipya.

Kasisi Philippa akasoma barua ya kamati ya dayosisi. Kukiwa na ushahidi wa sura ya zamani, picha au mchoro, sharti ifuatwe. Kusipokuwa na ushahidi, mchongaji anaruhusiwa kuchonga uso mpya, na kwa desturi ya wachongaji wa zamani anaweza kuchukua sura ya mtu wa hapa hapa kijijini.

Bi B. akapendekeza lichongwe jani. Uso wa miaka mia tano, yeye anataka jani. Mimi nilijishika kidevu.

Niandike ukweli, maana daftari hili hakuna alisomaye. Nimefanya kazi ofisi ya barabara miaka thelathini na minne. Siku ya kuniaga, mkuu alinisifu dakika kumi nzima, akamaliza kwa kuniita Desmond. Naitwa Clement. Clement Dowse. Enid, marehemu mke wangu, alikuwa akisema nina uso mwema, ila hauna pa kushika. Hatukujaliwa watoto. Jiwe lile litakaa miaka mia tano mingine.

Uso utakuwa wangu. Limebaki jambo moja dogo, kumjulisha mchongaji.


Jumanne, 4 Machi

Mchongaji amefika kutoka Lincoln. Tamsin Rudd, mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mabega ya mpiga makasia, vumbi jeupe kwenye nyusi. Ameniita Mzee Dowse. Nina miaka sitini na saba tu.

Asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya kioo nikachunguza. Upande wa kushoto ndio mzuri. Kwa hiyo nikachagua benchi lililo chini kabisa ya jukwaa la mafundi, nikamgeuzia shavu la kushoto, nikainua macho kidogo, kama mtu anayefikiri mambo makubwa. Saa mbili nzima. Miguu ikafa ganzi.

Saa sita Tamsin akashuka, akasimama mbele yangu, akanitazama kwa makini. Moyo ukapiga. Akauliza kama shingo imekamata, akasema ana dawa nzuri ya kuchua kwenye gari.

Bi B. akaja na chapati za maji, maana leo ndiyo siku ya kuzila, kabla ya Kwaresima kuanza. Za limau na sukari. Nilikula yangu shingo ikiwa vile vile. Limau likashuka mpaka ndani ya ukosi. Bi B. akasema nikae vizuri nitajichafua, akanipa kitambaa.

Ana tabia ya kutembea na vitambaa.


Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya. Mtu anayekaa kama sanamu haonekani. Mtu anayefanya kazi anaonekana. Nimejitolea kukoroga chokaa.

Tamsin alifurahi. Akanionyesha chokaa iliyolowekwa miezi mitatu, laini kama siagi, na mchanga wa kuchanganyia. Nikamwuliza kwa nini tusitumie saruji, inakauka upesi. Akaweka koleo chini.

"Mzee, ukuta huu una miaka mia tano. Unapumua. Unyevu unaingia, unatoka. Ukiupaka saruji ni kama umemziba mtu pua na mdomo halafu unamwuliza mbona anaugua."

Nikasema ni kweli kabisa, na mimi siku zote nimesema hivyo. Bi B. alikuwa karibu anapanga maua. Akakohoa. Mwaka ule nilipoziba ufa wa ukumbini kwa saruji, yeye ndiye aliyenishikia ngazi.

Nilikoroga vizuri sana. Tamsin akaanza kunitazama, na safari hii hakika alikuwa akinitazama usoni. Nikakaza kidevu. Pua ikawasha. Nikajikuna, na glavu ikiwa imejaa chokaa.

Chokaa mbichi inaunguza. Sasa najua. Nilisikia moto, nikapiga kelele, nikakanyaga ndoo. Bi B. akanishika kisogo akanizamisha uso katika ndoo ya maua, akaniosha, akanizamisha tena. Nilitoka na majani puani.

Tamsin alisema pua itapona kwa wiki. Hapana shaka leo ameniona usoni vizuri, lakini haikuwa sura niliyokusudia.


Jumapili, 9 Machi

Ijumaa Kasisi aliweka sanduku mlangoni, kila mtu aandike jina la yule ambaye angependa sura yake ichongwe. Si uchaguzi, alisema, ni kumsaidia mchongaji kujua mioyo ya watu. Siku hizo mbili nilikuwa nyumbani na pua yangu. Muda nilikuwa nao. Niliandika karatasi kumi na nne. Tatu kwa mkono wa kushoto. Mbili kwa mwandiko wa kike. Moja niliikosea herufi makusudi, ionekane ni ya mwenye bwawa la bata.

Leo baada ya ibada matokeo yamesomwa.

Mbwa wa mwenye baa, anaitwa Bosun: kura ishirini na moja.
Clement Dowse: kumi na tano.
Winifred Brackenbury: tisa.
Jani: moja. Najua la nani.

Kasisi akasema anamshukuru Mungu kwa mshikamano wa kijiji chetu, ambapo watu kumi na wanne wa nyumba mbalimbali wanatumia wino ule ule wa kijani. Hakunitazama. Watu wengine walinitazama. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikakuta nimekishika juu chini.

Tamsin alicheka, akasema mbwa ana sura nzuri kweli, lakini yeye huchonga anachokiona, hachongi kura.

Nilipofika nyumbani nikahesabu tena. Niliandika kumi na nne. Zimesomwa kumi na tano. Kasisi amekosea kuhesabu.


Jumatatu, 10 Machi

Jambo limetokea na sijui niliandikeje.

Nilikwenda kwenye sanduku kubwa la mwaloni kutafuta orodha ya zamani ya wazee wa kanisa. Nia yangu ilikuwa njema: nimwonyeshe Tamsin kwamba akina Dowse tumekuwepo tangu zamani. Sikuikuta orodha. Chini kabisa, ndani ya rejista ya ndoa, nikakuta bahasha. Ndani ya bahasha, picha ya rangi ya kahawia. Nyuma imeandikwa kwa mkono: paa, kaskazini, 1887.

Ni kichwa cha tatu. Kina uso. Mtu aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama ameficha yai, mkono mmoja umeshika taya, mdomo umepinda kwa maumivu. Jino linamuuma. Miaka mia tano na hamsini jino linamuuma.

Huo ndio ushahidi. Picha hii ikifika kwa kamati, atachongwa yeye, na mimi nitabaki Desmond.

Sikuiba. Niliiweka ndani ya koti ili isipate unyevu. Nyumbani nikaiweka kwenye kasha la mkate, ambako ni pakavu.

Nimekula biskuti. Sikuweza kufungua kasha.


Jumanne, 11 Machi

Bi B. amenisimamisha njiani karibu na lango la makaburi. Anasema marehemu baba yake alikuwa akiwasimulia juu ya mtu wa jino mle kanisani, na yeye siku zote alidhani ni hadithi ya kuwafanya watoto wapige mswaki. Sasa anakumbuka aliwahi kuona bahasha ndani ya sanduku. Amekwenda kuitafuta, haipo.

Nikasema labda panya.

Akauliza panya gani.

Nikasema panya wa kawaida.

Alinitazama kwa muda. Nyusi ya kulia ikapanda. Kisha akauliza pua yangu inaendeleaje, akaondoka.


Alhamisi, 13 Machi

Hatari. Tamsin aliacha daftari lake la michoro juu ya benchi, na upepo ukafungua kurasa, nami nikausaidia upepo. Bosun, kurasa tatu. Mkono wa Kasisi. Mimi: pua tu, mara moja, nayo imevimba. Halafu sikio la mwanamke na hereni ndogo ya lulu. Kijiji hiki mwenye hereni ile ni mmoja.

Kwa hiyo nikapanda jukwaani na chai. Mimi ngazi siziwezi. Nilipanda nimefumba macho, nikafika chai ikiwa nusu.

Sijawahi kufika kule juu. Malaika wa mbao walio kwenye boriti, ambao toka chini huonekana kama popo, wana kucha za vidole. Kila kidole kina kucha yake. Mtu alikaa kule juu akachonga kucha ambazo hakuna mtu angeziona. Nikasahau kwa kitambo nilichokuja kufanya.

Kisha nikakumbuka. Nikamwambia Tamsin, kwa moyo wa kusaidia tu, kwamba Winifred Brackenbury hafai.

"Kwa nini hafai?" akauliza. Alikuwa na penseli.

"Kwanza zile nyusi," nikasema. "Ya kulia hupanda peke yake mtu akikosea wimbo. Inapanda hivi, na yule mtu anarudi kwenye sauti. Jiwe litawezaje hilo? Halafu macho. Hayabembelezi mtu. Enid alipougua, mimi na Winifred tulikuwa hatusemezani. Miezi saba, kwa sababu ya zulia la madhabahuni. Basi akawa anakuja nyumbani kila siku saa kumi. Ananipita mlangoni kama anapita kabati. Salamu hakuna. Anapanda juu, anamwosha Enid nywele, anamchana, anamsomea habari za kijiji, nyingine anazitia chumvi. Anashuka, ananipita tena. Wiki kumi na moja. Na usoni huoni kitu. Hakuna ile huruma ya kuonyesha watu. Enid aliniambia ule ulikuwa uso pekee ulioingia chumbani mle ambao haukuanza kumlilia mapema."

Tamsin aliendelea na penseli yake. Nikaona hajashawishika, nikaongeza.

"Siku ya mazishi watu walishindwa kuanzisha wimbo. Mimi mwenyewe nilishindwa. Yeye akauanza, amesimama nyuma kabisa, sauti kama mlango wa banda, kidevu juu. Ndivyo ulivyo. Uso mgumu. Nani atataka kuutazama miaka mia tano?"

Akauliza swali moja tu: kidevu juu kiasi gani. Nikamwonyesha. Akauliza ni nyusi ya kulia kwa anayemtazama au ya kulia kwake mwenyewe. Kwake, nikasema.

Nilishuka nikitanguliza makalio, lakini moyo mweupe. Nadhani nimemmaliza Bi B.


Jumatatu, 17 Machi

Tamsin ametuita wote kutazama mfano wa udongo kabla hajagusa jiwe. Nilivaa suti. Kasisi, Bi B., watu kumi na wawili, na Bosun.

Akaondoa kitambaa kibichi.

Ni Winifred. Kidevu juu. Nyusi ya kulia imepanda kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu ajiulize amekosea wapi. Macho hayabembelezi. Lakini ukiyatazama muda unaona yanakungoja. Yanakungoja umalize, ili yakusaidie kuinuka. Sijui udongo unafanyaje hivyo. Mwenye baa alivua kofia.

Tamsin akasema alikuwa hajui amchonge nani mpaka Alhamisi, alipopata maelezo mazuri kuliko yote aliyowahi kupewa kazini. Akasema aliyempa ni Mzee Dowse.

Wote wakanigeukia. Kasisi akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema hakujua nina moyo wa namna hii. Na mimi sikujua.

Bi B. alisema pua imekuwa ndefu. Kisha akatoka nje upesi. Nilimwona dirishani akiwa kati ya makaburi, amesimama mbele ya jiwe ambalo halina maandishi tena, analisoma.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja, nikafungua kasha la mkate. Picha ipo. Nikiipeleka leo kwa kamati, uso wa Bi B. hauwekwi. Nitasema nimeiokota nyuma ya sanduku. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Upande wa kushoto nashangaa vizuri zaidi.


Jumanne, 18 Machi

Nilimkuta Bi B. peke yake chini ya jukwaa, anapangusa vumbi kwenye mabenchi. Picha mfukoni. Nilikuwa namtafuta Kasisi. Nikataka kurudi nyuma, kiatu kikalia.

"Umeileta?" akauliza. Hakugeuka.

Nikauliza kuleta nini.

"Clement, mle sandukuni hakuna panya. Nina mitego humu mwaka wa sita na haijanasa hata mmoja."

Kule kushangaa kwangu kote kukanitoka. Nikaitoa picha nikampa. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema baba yake alikuwa mkweli kumbe. Kisha akaipeleka puani.

"Mbona inanuka mkate?"

Nikamweleza. Kasha, biskuti, siku nane. Nikamweleza na mengine ambayo hakuniuliza: ofisi ya barabara, Desmond, miaka mia tano. Nikasema nilitaka uso uwe wangu.

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Ulikaa hapa siku nzima umepinda shingo kama bata."

"Basi mbona hukuniambia niache?"

"Nilikupigia kura," akasema.

Nikakaa kwenye benchi. Kasisi hakukosea kuhesabu.

"Na lile jani?"

"Kasisi mwenyewe. Yeye hapendi ugomvi." Akakaa na yeye, benchi la mbele, amenipa mgongo. "Mimi nilisema jani siku ya kwanza kwa sababu nilijua ukianza kutaka hutaacha, na utaumia. Halafu nikaona umeshaanza, nikaandika jina lako."

Sijui kilichonipata. Nikamwambia airudishe picha ile mfukoni kwangu. Hakuna aliyeiona. Itaoza kwenye kasha la mkate, na uso wake utakaa pale juu baada ya sisi wote kuwa nje chini ya nyasi. Nilisema hivyo na nilikuwa namaanisha. Nimelifikiria hadi sasa ninapoandika, na bado nadhani nilikuwa namaanisha.

Akainua macho juu, kwenye kile kiazi.

"Usinijaribu, Clement," akasema. "Tangu mume wangu Harold afe, jana ndiyo mara ya kwanza mtu amenitazama vile. Nililala na furaha kama msichana. Mwanamke wa miaka sabini na moja."

Kisha akatia picha ndani ya mkoba wake, akaenda nyumbani kwa Kasisi. Nilimfuata, sikuwa na la kufanya. Kasisi akauliza ilipatikana wapi. Bi B. akasema ilikuwa ndani ya sanduku la mwaloni, katika rejista ya ndoa. Ni kweli, ilikuwa humo. Lini imetoka humo hakuulizwa, na yeye hakuongeza.

Mlangoni nilimshukuru. Akasema nikanunue mkate mwingine.


Jumatatu, 7 Aprili

Kamati imejibu. Wamefurahi mno na picha, wameita jambo la nadra. Mtu wa jino arudi mahali pake: kitambaa, shavu, mkono, vyote kama vilivyo. Lakini kwenye picha boriti imetia kivuli machoni na kwenye nyusi, na mdomo umefifia, unaonekana umepinda tu. Hizo sehemu wamemwachia mchongaji.

Kwa hiyo hakuna uso wa Bi B., na hakuna uso wangu. Kuna shavu lililovimba.

Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa anang'arisha vinara vya shaba. Akasema hana haja ya pole, ashike kinara cha pili nani kama si mimi. Tukang'arisha mpaka saa saba. Hatukuongea sana. Aliniambia nasugua kwa mzunguko usiofaa.

Tamsin amempa ule mfano wa udongo. Ameuweka jikoni juu ya jokofu. Anasema anaugeuza ukutani wakati wa kula, maana unamtazama anavyotia chumvi.


Jumamosi, 26 Aprili

Jiwe limewekwa leo. Watu walijaa kama Krismasi. Boriti ilikuwa imeshikiliwa na nguzo za chuma tangu kile kiazi kitolewe. Tamsin akalaza chokaa, niliyoikoroga mimi, glavu mpya, mikono mbali na pua. Jiwe likapandishwa kwa kapi, polepole, mafundi wanne. Likaingia. Baadaye wakalegeza nguzo moja moja, na boriti ikashuka upana wa ukucha, ikakaa. Ilitoa sauti ndogo, kama mzee anayeketi. Bi B. alikuwa amenishika mkono wa koti. Sidhani alijua.

Kisha wakatuwashia taa.

Mtu wa jino. Kitambaa, shavu, mkono kwenye taya. Lakini nyusi ya kulia imepanda, na macho yale yanakungoja umalize. Nikamtazama Bi B. Alikuwa anatazama mdomo.

"Huo mdomo ni wako," akanong'ona. "Ni ule wa siku ya picha. Ulipokuwa unasema habari za Desmond."

Nikakataa. Nikasema mdomo ule ni wa mtu anayetaka kulia. Akasema ndiyo. Tamsin alikuwa anakunja kamba karibu nasi. Akasema siku ile alikuwa juu ya jukwaa, amelala chali akisafisha malaika, na watu wakiongea chini ya paa lile kila neno hupanda, naye akageuka akachungulia. Akaomba radhi. Akasema yeye huchonga anachokiona.

Wakati wa chai, mwenye baa akasema kichwa kile kinafanana na Bosun alipong'atwa na nyigu. Watu wengi walikubaliana naye.

Hata hivyo nimekaa chini yake mpaka walipotaka kufunga mlango. Enid angekijua. Angesema hatimaye pamepatikana pa kushika. Nimeridhika. Naandika kwa moyo mkunjufu kwamba tamaa ile imekwisha, na kwamba mtu wa umri wangu hana tena haja ya kuonekana.


Jumatatu, 28 Aprili

Kikao katika chumba cha kasisi, saa nne. Bi B. kiti cha hita.

Msanifu ameukagua mnara. Kengele ndogo imepasuka, si ya zamani sana, na itayeyushwa imiminwe upya. Kwa desturi majina ya wazee wawili wa kanisa huandikwa kwenye ukingo wake, kwa herufi za kuinuka. Shaba. Kengele hukaa kuliko jiwe.

Kasisi akasema majina yatafuata alfabeti. Brackenbury, halafu Dowse.

Sikupinga. Nilitoa wazo tu, kwamba sisi ni kijiji, hatuitani kwa majina ya ukoo, na ingekuwa na upendo zaidi tukipanga kwa majina ya kwanza. Clement. Winifred. Kasisi akasema ni wazo zuri. Bi B. aliendelea kukoroga chai yake, kisha akasema Winifred ni jina lake la pili. Alibatizwa Agatha.

Rejista ya ubatizo ipo. Nimekwenda kuitazama. Agatha Winifred, kwa wino mweusi kabisa.

Nimejipima kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Kesho nitapendekeza tupange kwa urefu. Nampita kwa inchi moja na nusu, nikivaa viatu vya Jumapili.